Niliandika Ukoo, Nikasahau Kisiwa

Mwenye makosa ni mimi. Naanza hapo ili msomaji asije akanihurumia mapema, wala asidhani kwamba nimekuja kusengenya wakwe za watu. Upande wa Bungoma yuko mama mmoja ambaye leo hana hata kipande cha udongo cha kupandia mche wa sukuma wiki. Waliomwondoa shambani mwake ni wengine. Aliyewapa sababu ni mimi, kwa kalamu yangu na kwa kiburi changu.

Jina langu sitoi. Nitakuambia tu kwamba nafundisha historia katika shule ya upili mjini Kitale, na nimefundisha muda mrefu kiasi kwamba sasa wanaoketi mbele yangu ni watoto wa wanafunzi wangu. Kwetu hasa ni Kabuchai. Sinywi pombe, sichezi kamari, kanisani nakaa viti vya mbele. Kukemea ni kazi niliyoizoea. Nimekemea wavivu, wambea, na zaidi ya wote nimekemea watu wanaosema mambo wasiyo na hakika nayo.

Mungu wangu! Ningejua kwamba nilikuwa nikijikemea mwenyewe!

Sisi wapenda historia wachache tulikuwa tumeunda chama kidogo. Wakulima wa huku kwetu wanalima juu ya maisha ya watu wa kale bila kujua. Jembe likigonga kigae cha chungu, kigae kinatupwa kwenye ua. Jiwe la kusagia la mabibi wa zamani linageuzwa kuwa la kuzuia mlango wa kuku. Tukasema basi, yeyote atakayeokota kitu cha kale akilete, sisi tutakihifadhi na kuandika habari zake. Tukakodi chumba Kitale, tukatengeneza rafu. Kila kitu kikawa na kadi yake: ni nini, kimetoka wapi, nani amekiokota, na sisi tunadhani kilikuwa cha kazi gani.

Kadi zote niliziandika mimi. Sikukubali mtu mwingine azishike, kwa sababu sikumwamini mwingine.

Mama huyu nitamwita Mama Nafula. Alikuja kwetu baada ya kusikia tangazo letu kanisani kwao, upande wa Matulo. Alikuja amebeba beseni la kufulia lililofunikwa leso, akaliweka mezani, akapangusa jasho.

“Mwalimu,” akasema, “nimekuletea takataka yangu. Kama ni takataka ya kweli uniambie, nisirudi nayo.”

Nilipoondoa leso, niliinama juu ya beseni. Palikuwa na vigae vyenye nakshi ya kamba shingoni, kama vile fundi alibingirisha uzi uliosokotwa juu ya udongo mbichi. Palikuwa na mavi ya chuma, yale mabonge meusi mazito yanayobaki chuma kikishayeyushwa. Palikuwa na vipande vya mirija ya udongo iliyopitisha upepo wa mivukuto hadi motoni. Na katikati ya yote, chungu kizima kilichopungukiwa mdomo tu.

Alivipata kisiwani. Katikati ya Mto Nzoia, karibu na kwao, kulikuwa na kisiwa kidogo ambacho wakati wa kiangazi ulikifikia kwa kukanyaga mawe. Baba mkwe wake alimpa mumewe sehemu hiyo walime, enzi ambazo hakuna aliyeitaka kwa sababu ya mafuriko. Mume alipofariki, Mama Nafula akaendelea kulima nduma, sukuma na migomba michache. Ndiyo iliyomlisha yeye na watoto wake. Kila mto ulipofura na kushuka, maji yaliacha vitu hivi vikiwa wazi kandokando, naye akaviokota na kuvitia chini ya kitanda.

Watu walifua chuma pale! Kisiwani, katikati ya maji, karibu na udongo mzuri na mbali na nyumba za nyasi ambazo cheche ingeziteketeza. Nilisimama nikawaza ni mivukuto mingapi iliyowahi kupumua pale. Mtafiti wa kweli angevaa viatu siku ileile akaenda kupaona. Mimi nilivuta kiti nikaanza kuandika.

Sasa nisikilize vizuri, maana kosa langu liko hapa.

Huku kwetu, watu wazima wakikutana, salamu zikiisha wanaulizana ukoo. Ni adabu. Usipouliza utaonekana umelelewa na mbuzi. Mimi niliichukua adabu hiyo nikaiingiza katika kadi. Penye “kimetoka wapi” nilikuwa nikiandika kwanza ukoo wa mtu, halafu kijiji kwa herufi ndogo. Nilijisifu kwamba huo ndio utaratibu wetu, unaomheshimu mwananchi kuliko utaratibu wa vitabuni. Na kila mtu wa huku anajua kwamba mwanamke akiolewa haachi ukoo wa baba yake. Ataishi kwa mume, atazaa kwa mume, atazikwa kwa mume, lakini ukimwuliza ukoo atakutajia wa kwao.

“Wewe ni wa ukoo gani, mama?”

Akautaja. Ulikuwa ukoo wa baba yake, wa kule juu upande wa Mlima Elgon. Nikaandika.

Alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. Alisoma hadi darasa la nane, na macho yake yalikuwa mazima.

“Lakini Mwalimu, hizi vitu si za kwetu. Ni za pale kwa bwana yangu. Kwetu ni mbali, hata mto hakuna.”

“Najua, mama. Huu ni utaratibu tu.”

“Sasa mtu akisoma hapo si ataona ni kama nilitoka nazo kwetu?”

“Mtu anayejua kusoma ataelewa.”

Akacheka kidogo. “Na yule hajui sana?”

“Huyo hatakuja hapa.”

Hivyo ndivyo nilivyomjibu. Mtu aliniletea kitu cha thamani, akaniletea na habari yake kamili, nami nikakipokea kitu nikaitupa habari. Niliona anachelewesha kazi.

Baadaye chama kiliamua kuvipeleka vitu vikaonwe na wenyewe. Tukapanga meza katika uwanja wa shule moja ya msingi karibu na Matulo. Kwa ajili ya siku hiyo niliandika kadi upya kwa herufi kubwa, na kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo nilifupisha. Kile chungu kizuri kikaketi mbele kabisa, na chini yake maneno: “Chungu cha ukoo wa…” Ukaja ukoo wa baba yake Mama Nafula. Kisiwa hakikutajwa. Kiliangukia katika yale niliyoyakata.

Watu walikuja wengi, na mzaha haukukosekana.

“Mwalimu,” mwanamume mmoja akapaza sauti, “na mimi nikileta sufuria ya bibi yangu imetoboka, utaandika?”

“Andika na bibi mwenyewe!” mwingine akadakia. “Si ndio kitu ya kale!”

Hata mimi nilicheka. Ndipo Barasa akafika mezani. Huyu ni shemeji yake Mama Nafula, mdogo wa marehemu. Niseme ukweli kumhusu: alikuwa akikitamani kile kisiwa tangu kaka yake alipozikwa. Zamani hakuna aliyekitaka, lakini siku hizi mchanga wa mto unatafutwa na kila mjenzi. Wazee walikuwa wamemkatalia. Walisema mjane ana watoto, aachwe alime. Barasa akabaki akingoja sababu.

Akaisoma kadi akiifuata kwa kidole.

“Mwarimu, hii chungu ilitoka wapi?”

“Kisiwani kwenu.”

“Na hapa umeandika ni ya akina nani?”

Nikamweleza, tena kwa mzaha, kwamba hiyo ni namna yetu ya kuandika. Hakuwa akinisikiliza. Aligeuka akawaita wenzake.

“Kujeni muone! Ati huyu mama amekuwa akichimbua vyungu vya kwao kwa shamba yetu! Kesho ndugu zake watakuja waseme babu yao alikaa hapo. Tumelisha mtu, na sasa mkono yake inatuchimba!”

Ningeweza kuichukua kalamu pale pale. Ningeweza kuikata ile kadi mbele ya macho yao, nikaandika upya: kisiwa cha Nzoia, shambani kwa marehemu fulani, kimeokotwa na mkewe. Nilidhani nikifanya hivyo watu wataona kwamba mwalimu hubahatisha. Basi nikakunja meza nikarudi Kitale.

Siku chache baadaye Mama Nafula alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza akiwa amesimama.

“Mwalimu, wamenipeleka kwa naibu wa chifu. Wanasema nataka kuuza kisiwa kwa watu wa kwetu. Kuja useme tu maneno mawili. Useme ulikosea kuandika.”

“Nitakuja, mama. Usiwe na wasiwasi.”

“Maneno mawili tu, Mwalimu. Siombi ya tatu.”

Nilikwenda. Nilivaa suti. Nilibeba na vitabu!

Naibu wa chifu alikuwa mwanafunzi wangu zamani. Niliwahi kumtoa darasani kwa kubahatisha majibu, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba asiye na hakika na afunge mdomo. Sasa alikuwa ameketi nyuma ya meza, wazee pembeni yake, nami nimesimama mbele yake. Waliohudhuria wengi walinijua. Wengine nilikuwa nimewafundisha, wengine nimewafundishia watoto.

“Mwalimu,” akaniuliza kwa heshima kabisa, “hii kadi ni ukweli ama ni makosa?”

Swali jepesi kuliko hilo sijaulizwa maishani. Jibu lake ni neno moja. Na Mama Nafula alikuwa ameketi kwenye benchi akiniangalia, uso umetulia, kwa sababu alijua nimekuja kulisema.

Nikasema, “Kadi hiyo imeandikwa kwa kufuata utaratibu.”

“Tunauliza chungu, Mwalimu,” mzee mmoja akasema. “Hatuulizi utaratibu.”

Watu wakacheka. Ah, kicheko kile! Kilinichoma masikio. Nikafungua kitabu, nikaanza kufasiri. Nikasema kwamba nakshi ya kamba iliyo shingoni mwa chungu kile inaweza kulinganishwa na nakshi za vyungu vya upande wa mlimani. Nikasema, kwa lugha nzuri iliyopangika, kwamba haiwezekani kukataa kabisa kuwa watu wa ukoo ule waliwahi kufika kisiwani.

Ulikuwa uongo. Wewe unayesoma, elewa kwamba sikupotoka kwa kutojua. Nakshi ile imetapakaa kutoka ziwani hadi mlimani, kwa watu wa lugha mbalimbali. Wafinyanzi walikuwa wanawake, waliolewa huku na kule wakaenda na ufundi wao. Vyungu viliuzwa sokoni, vikabebwa na yeyote aliyevihitaji. Chungu hakiwezi kukutajia ukoo. Nimeyafundisha hayo darasani mwaka baada ya mwaka! Niliyajua nikiwa nimesimama pale, mdomo ukiwa unasema mengine.

Barasa akasimama mara moja. “Mmesikia wenyewe! Si mimi. Ni mwarimu, na ni kwa kitabu!”

Mama Nafula hakupiga kelele. Aliniuliza tu, “Mwalimu, siku ile nilikuambia nini?”

Nikatazama karatasi zangu, nikajifanya natafuta ukurasa.

Wazee walinong’onezana, kisha wakaamua kwamba mama aondoke kisiwani kwa muda, hadi jambo hilo lieleweke. Kila mtu mle ndani alijua kwamba muda wa namna hiyo hauna mwisho. Nilirudi Kitale nikijiambia kwamba wazee ndio walioamua. Nilijiambia kwamba mimi nilitoa maoni ya kitaalamu tu. Maoni ya kitaalamu! Nilikula chakula cha jioni na nikamaliza sahani.

Mke wangu aliniuliza mkutano ulikwendaje. Nikamwambia ulikwenda vizuri.

Miezi ikapita. Mvua ndefu zikaja, zikaisha. Siku moja nilialikwa kwenye sherehe ya jamaa karibu na Kibabii, na nilipokuwa nikitembea kando ya barabara ambapo wanafunzi wa chuo hununua chakula, nikasikia naitwa. Mama Nafula alikuwa ameinama juu ya jiko la makaa, akichoma mahindi. Alikuwa amehamia kwa binti yake.

“Karibu, Mwalimu. Habari ya Kitale?”

“Nzuri, mama. Habari ya huku?”

“Ni hivi unaona.” Akageuza hindi motoni, kisha akawaambia wanafunzi waliokuwa wakingoja, “Msalimieni huyu. Huyu ndio mwalimu anajua vyungu.”

Wakanisalimia kwa adabu. Yeye akanichagulia hindi zuri, akalipaka pilipili na ndimu, akanipa. Alikataa malipo. Nilitembea nalo mkononi hadi likapoa, na sikuweza kulitia mdomoni.

Kesho yake nilikuwa ofisini kwa naibu wa chifu. Nikamwambia yote, bila suti na bila kitabu.

Alinisikiliza akizungusha kalamu. “Sasa Mwalimu, mimi niite watu tena niwaambie nini? Ati mwalimu alibahatisha?”

“Ndiyo. Waambie hivyo hivyo.”

“Barasa atasema umehongwa.”

“Mwache aseme.”

Akaita mkutano. Barasa alikuja amevaa buti za mpira zenye matope, na aliponiona akatabasamu.

“Bana Mwarimu! Ile siku ulikuja na moja. Leo umekuja na ingine. Kesho si utatuletea ya tatu?”

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mzee yuleyule aliyeniambia hawaulizi utaratibu aliniuliza kwa nini waniamini sasa. Nikasema, “Kwa sababu leo nasema jambo linaloniaibisha, na siku ile nilisema la kunipamba.” Nikasimulia kadi, nikasimulia simu, nikasimulia nakshi ya kamba na yale niliyoyajua nikayaficha. Nilisema mbele ya watu niliowafundisha kwamba nilidanganya. Wengine waliinamisha vichwa kwa kunionea haya. Mmoja alitoka nje.

Wazee hawakukawia. Wakasema kisiwa ni cha watoto wa marehemu, mama yao arudi alime, na Barasa asimsumbue tena. Barasa akacheka, akasema yeye hana neno, hata leo arudi. Nilishangaa kumwona anakubali kwa urahisi namna ile. Nilidhani dhamiri imemgusa. Ona ujinga wa mtu aliyesoma!

Tulikwenda mtoni, mimi na Mama Nafula na yule mzee. Mbele yetu palikuwa na maji.

Wachimba mchanga wa Barasa walikuwa wamekichimba kile kisiwa tangu kiangazi, wakipakia ng’ambo ya pili ya mto, ambako wazee hawapiti. Waling’oa nduma na migomba kwanza, wakashuka na sepetu hadi chini ya vigae, chini ya mavi ya chuma, chini ya majivu ya matanuri, wakabeba vyote pamoja kwenye malori. Mvua zilipofurisha mto, yaliyobaki yakaenda. Palikuwa na mawe machache na mgomba mmoja ulioinama, mizizi ikioshwa na mkondo. Kazi ya mafundi wale wa kale, ambao hata majina yao hatutayajua kamwe, imepigwa lipu kwenye kuta za vibanda ambavyo mimi sivijui.

Mama Nafula aliteremka ukingo hadi penye maji. Mimi nilisubiri anitukane. Ningeshukuru.

“Wazee wamenirudishia maji,” akasema. Kisha akaifunga leso yake kiunoni, akapanda ukingo, akaenda zake, maana saa za wanafunzi kula zilikuwa zinakaribia na moto wake ulikuwa haujawashwa.

Nimejiuzulu chama. Wenzangu walinisihi nibaki, wakasema ni kosa dogo la uandishi. Nawasihi wasirudie maneno hayo mbele yangu.

Na wewe unayekusanya vitu vya kale kutoka mikononi mwa watu, au unayeandika habari zao kwa kazi yoyote ile, nakuonya. Anza na mahali. Nenda ukapaone kwa miguu yako kabla hujaandika mstari mmoja. Yule aliyeokota akikuambia umekosea, acha kalamu umsikilize, hata kama unaona amesimama vibaya nyuma ya bega lako. Usiweke kinywani mwa chungu maneno ambayo chungu hakiwezi kusema. Na ukiulizwa mbele ya watu kama ulichoandika ni kweli au makosa, na moyoni unajua ni makosa, jibu siku hiyohiyo! Watakucheka, watakusema sokoni, watoto watakuigiza kwa wiki nzima, halafu watasahau. Mimi nilikikimbia kicheko cha dakika chache, na nilipopata ujasiri wa kukirudia, ardhi ya yule mama ilikuwa tayari imepakiwa kwenye lori.